Sauti ya puani ya Peter Green: nimegeuza pikapu ya shingo, mbona haitoki?

Uzi wa Tatu aliandika:

Ndugu wapiga gitaa, salaam kwenu.

Kwa muda wa miezi minne hivi nimekuwa nikiitafuta sauti moja tu, nayo ni ile ya Peter Green, mpiga gitaa wa bluzi wa Uingereza, alipokuwa na bendi ya John Mayall mwaka 1966 na 1967, kisha na Fleetwood Mac hadi alipojitoa mwezi Mei 1970. Sizungumzii sauti zake zote, kwa sababu alikuwa nazo nyingi. Nazungumzia ile anayoipata pikapu zote mbili (vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, kimoja karibu na shingo na kingine karibu na daraja) zikiwa zinafanya kazi kwa pamoja: sauti nyembamba isiyolia kama bati, inayotoka kama ya mtu anayeimba huku amebana pua kidogo, na ambayo kila noti ndani yake inasikika peke yake hata zikipigwa tatu kwa mpigo. Nikiisikia huacha kila ninachokifanya.

Gitaa langu la umeme ni la muundo wa Les Paul, lenye hambaka mbili (pikapu zenye koili mbili kila moja) zilizofunikwa kwa vifuniko vya chuma, volyumu mbili, toni mbili na swichi ya njia tatu. Amplifaya yangu ni ya valvu, ya wati 15, na ina spika moja ya inchi 12. Mbele ya amplifaya ninaweka pedali ya mkwaruzo, ambayo geini yake (kiasi cha kukwaruza) huwa naiacha kwenye 7, kwa kuwa bila hiyo noti zangu hufa upesi.

Niliwahi kusoma kwamba siri ya Green ni kuwa pikapu ya shingo katika Les Paul yake ya mwaka 1959 iliwekwa kinyume, yaani safu ya skrubu ikatazama daraja badala ya kutazama shingo. Basi nikalegeza nyuzi, nikafungua fremu, nikaigeuza pikapu na kuirudisha mahali pake. Swichi ikiwa katikati, sauti ni ileile nene niliyoizoea. Nilijaribu kuilazimisha kwenye amplifaya kwa kupandisha trebo hadi 9 na kushusha besi hadi 2, nikapata wembamba, lakini ni wembamba wa kuchoma masikio, wala hauna undugu na ule ninaoutafuta.

Je, nimekosea wapi? Ninunue pikapu nyingine? Naomba anayejua anieleze na sababu yake, kwa maana nimechoka kuzungusha nobu nisizozielewa.

Fundi Koili alijibu:

Mkuu Uzi wa Tatu, hujakosea peke yako. Maelezo hayo ya kugeuza pikapu yamezunguka kwa miaka mingi, na yalipata nguvu kwa sababu ni kweli kwamba pikapu ya shingo ya gitaa lile imekaa kinyume na kila anayelitazama anaiona. Isipokuwa kinachoonekana kwa macho si kilichosababisha sauti. Ukiizungusha hambaka nzima ikiwa juu ya mwili wa gitaa, koili zake mbili zinabadilishana nafasi kwa takriban sentimita mbili, na hilo huleta tofauti ndogo sana. Ncha za sumaku zinaendelea kutazama nyuzi kama zilivyokuwa zikitazama, na umeme unatoka kwa mwelekeo uleule. Kilichokuwa tofauti kwenye gitaa la Green kilikuwa ndani: sumaku ya pikapu ya shingo ilikuwa imegeuzwa, na kwa hiyo pikapu hizo mbili zilikuwa zinapishana fezi, yaani wimbi la umeme la moja likipanda, la nyingine linashuka.

Kwa kuwa umeomba sababu, fikiria uzi mmoja unaotetemeka bila kubanwa kwenye freti yoyote. Noti yake ya msingi huupinda uzi mzima upande mmoja, kisha upande wa pili, na kwa hiyo juu ya pikapu ya shingo na juu ya pikapu ya daraja uzi unakwenda upande uleule kwa wakati uleule. Pikapu zikiwa katika fezi moja, umeme wa huku unajumlishwa na wa kule na sauti inanenepa. Zikipishana fezi, umeme wa huku unatolewa kwenye wa kule, na sehemu kubwa ya noti ya msingi inapotea, pamoja na mitetemo inayoifuata kwa karibu. Ile mitetemo ya juu ni habari nyingine. Chukua mtetemo wa tano, ambao huugawa uzi katika mafungu matano: pikapu ya shingo ipo karibu na robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, kwa hiyo inaangukia fungu la pili, wakati pikapu ya daraja ipo kwenye fungu la kwanza, na mafungu hayo mawili daima hukimbia pande zinazopingana. Hapo kutoa kunageuka kuwa kujumlisha. Ndiyo maana sauti ile haifanani na sauti iliyopunguzwa besi na kuongezwa trebo. Kuna mitetemo iliyofutwa na mingine iliyoongezwa, na mpangilio huo hubadilika kila unaposogeza kidole kwenye freti nyingine. Nobu za amplifaya haziwezi kulifanya jambo hilo hata ukizizungusha mwaka mzima.

Kabla hujafungua kitu chochote, hakikisha kwanza hali ya pikapu zako. Chomeka kebo kwenye gitaa na uweke volyumu zote mbili kwenye 10. Shika ncha mbili za mita kwenye plagi ya upande wa pili wa kebo, ile nyekundu kwenye ncha ya plagi na nyeusi kwenye shina lake, kisha weka mita kwenye milivolti za umeme wa mkondo mnyoofu. Swichi ikiwa kwenye pikapu ya shingo, laza bisibisi ya chuma juu ya pikapu, halafu ing'oe ghafla. Mita itaruka kwenye chanya au kwenye hasi, andika ilivyoruka. Rudia kwa pikapu ya daraja. Zote zikiruka upande mmoja, zina fezi moja. Wengine hutumia dira ndogo, na dira inafaa iwapo pikapu zote mbili zimetoka kwa mtengenezaji mmoja, lakini dira inaonyesha sumaku tu na haijui koili zilizungushwa kuelekea upande gani, kwa hiyo mimi naiamini mita zaidi.

Kupata mpishano wa fezi kuna njia mbili. Ikiwa pikapu yako ina nyaya nne pamoja na waya wa kinga uliojitenga, badilishana tu nafasi za waya wa moto (unaopeleka sauti) na wa ethi (wa kurudi), na kazi imekwisha. Lakini kwa kuwa umesema zina vifuniko vya chuma, nina shaka kwamba ni zile zenye waya mmoja ndani na wavu wa chuma kwa nje kama za zamani. Hizo usizibadilishe nyaya, kwa maana kifuniko kitakuwa upande wa moto, na kila utakapokigusa kwa mkono gitaa litavuma. Kwa pikapu za namna hiyo njia safi ni kugeuza sumaku.

Sumaku yenyewe ni kipande cha aloi chenye urefu wa milimita 63 hivi, upana wa 12 na nusu na unene wa 3, nacho kimelala chini ya koili zote mbili. Ncha zake hazipo kwenye miisho ya urefu kama watu wengi wanavyodhani. Zipo kwenye kingo ndefu, ukingo mmoja kaskazini na wa pili kusini. Ukingo mmoja hugusana na chuma kinachoshika skrubu, na wa pili hugusana na vile vipande vya chuma vya koili ya pili. Unachotakiwa kufanya ni kukitoa kipande hicho, kukigeuza ili ukingo uliokuwa unagusa huku uguse kule, na kukirudisha. Weka alama ya kalamu ya wino kwenye upande wa juu kabla hujakitoa kipande hicho, la sivyo utakaa dakika kumi ukijiuliza kama umekigeuza au umekirudisha kilivyokuwa. Pikapu ikitumika peke yake haitabadilika kabisa, na kwa kuwa koili zote mbili za hambaka hiyo zimegeuziwa kwa pamoja, uwezo wake wa kuzuia mvumo nao unabaki palepale.

Rangi ya Asali alijibu:

Kwa maoni yangu kazi yote hiyo haina ulazima. Zipo seti za pikapu zinazouzwa zikiwa tayari na sumaku iliyogeuzwa, na zipo pedali za kuchonga masafa zenye vidhibiti kumi. Ukikata masafa ya chini ya hezi 300 na kuinua kidogo kwenye hezi 1,000 unapata sauti ya puani ya kutosha.

Fundi Koili alijibu:

Kuhusu seti za kununua nakubaliana nawe. Mwenye uwezo na anunue. Kuhusu pedali sikubaliani nawe, na sababu nimeieleza hapo juu. Pedali hukata masafa yaleyale kwa kila noti. Piga noti moja kwenye freti ya 5 na nyingine kwenye freti ya 12 ya uzi uleule, na mpishano wa fezi utaondoa vitu tofauti katika kila noti, kwa sababu umbali wa pikapu ukilinganishwa na urefu wa uzi uliobaki umebadilika. Mpigaji anapopanda shingo huisikia sauti ikibadilika umbo mkononi mwake. Hicho ndicho anachokitafuta ndugu yetu.

Bi Valvu alijibu:

Nimesoma maelezo ya Fundi Koili na sina la kuongeza upande wa sumaku. Ninachotaka kusema ni kwamba Uzi wa Tatu anaweza kuigeuza sumaku leo jioni na bado asiipate sauti yake kesho, kwa sababu ya ile pedali yenye geini 7.

Mkwaruzo hufanya kazi kwa kuzikata ncha za wimbi na kulijaza mitetemo mipya ambayo haikutoka kwenye uzi. Ukizipishanisha pikapu fezi, ukaondoa kwa uangalifu mitetemo ya chini, halafu ukapitisha kilichobaki kwenye mkwaruzo mzito, pedali inayajaza upya yale mashimo uliyoyachimba, na sauti inarudi kuwa nene, ila sasa ni unene wa uchafu. Ondoa pedali. Iweke amplifaya mahali ambapo ukipiga taratibu inatoa sauti safi, na ukikaza mkono inaanza kukwaruza kidogo kwenye mwanzo wa noti tu. Kwa amplifaya ya wati 15 mahali hapo huwa kati ya 4 na 6, lakini amini masikio kuliko namba. Usishangae ukisikia sauti imepungua nguvu swichi inapokwenda katikati, maana umeme mwingi umefutana. Ni jambo la kawaida, na ndiyo sababu amplifaya inatakiwa iwe wazi kiasi tangu mwanzo.

Umesema noti zako hufa upesi bila pedali. Green mwenyewe alishikilia noti kwa muda mrefu kwa kupiga kwa sauti kubwa karibu na spika, hadi mtetemo wa hewa ukawa unaurudishia uzi nguvu. Katika albamu ya A Hard Road ya mwaka 1967 kuna kibao chake kisicho na maneno, The Supernatural, ambacho karibu chote kinasimama juu ya noti za namna hiyo. Nyumbani huwezi kupiga kwa nguvu hizo, lakini ukisogea hadi hatua moja kutoka kwenye spika na kulielekeza gitaa upande wake, utashangaa kiasi cha uhai kinachorudi kwenye uzi. Ongeza na mwangwi wa springi. Mwangwi huo unaubeba mkia wa noti baada ya kidole kuchoka, na katika sauti ya Green una sehemu kubwa kuliko watu wanavyoupa. Mimi huuweka kwenye 4 ninapopiga peke yangu, na kwenye 3 nikiwa na ngoma na besi.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote hayo. Pikapu mbili zenye nguvu sawa kabisa zinazopishana fezi hutoa sauti mbaya. Ni kavu, imekondeana kama ya redio ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria, na wengi wakiisikia mara ya kwanza hukata tamaa na kuirudisha sumaku ilivyokuwa. Gitaa la Les Paul lina volyumu mbili, na hapo ndipo sauti hii inapotengenezwa. Zote zikiwa kwenye 10, kufutana kunafika mwisho wake. Shusha ya daraja hadi 8, na pikapu ya shingo inaanza kushinda, mwili wa noti unarudi, lakini ule ubano wa pua bado upo. Shusha ya shingo badala yake, na unapata kitu chenye makali zaidi, kinachofaa kujibizana na mwimbaji. Kati ya 10 na 7 kuna sauti nyingi sana, nazo hubadilika kwa nusu namba. Mimi huzungusha kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia huku nikiendelea kupiga, na nilichukua wiki kadhaa kuzizoea.

Usisahau pia kimo cha pikapu. Kwenye gitaa langu nimeishusha ya shingo hadi milimita 3 hivi kutoka kwenye uzi, na ya daraja nimeiacha kwenye 2, uzi ukiwa umebanwa freti ya mwisho. Uzi hutetemeka kwa upana zaidi juu ya pikapu ya shingo, kwa hiyo usipoishusha itaimeza ya daraja na hutasikia mpishano wowote wa maana.

Kidole Gumba alijibu:

Naomba niongeze onyo, kwa kuwa jambo lenyewe lilinikuta. Miaka miwili iliyopita nilimpelekea fundi mmoja gitaa langu anigeuzie sumaku hivihivi. Hakuiyeyusha lehemu iliyoshika kifuniko. Alikichokonoa kwa bisibisi hadi kikatoka, na koili moja ikanyanyuka pamoja nacho. Waya wa koili hizo una unene wa milimita 0.06 hivi, yaani ni mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, na koili moja ina mizunguko kama elfu tano. Ulikatika pale unapoungana na waya wa kutokea, sehemu ambayo huwezi kuiona bila kioo cha kukuzia. Nililetewa gitaa likiwa na pikapu isiyolia, na nilipoipima, badala ya kilo-omu 7 au 8 mita haikuonyesha kitu. Pikapu ile ilikuwa imetengenezwa kabla sijazaliwa. Ilibidi izungushwe upya, na ingawa inalia vizuri, si ileile.

Kwa hiyo, mkuu, lehemu ya kifuniko ipo sehemu mbili, kila upande wa bamba la chini sehemu moja. Ipashe kwa pasi ya kulehemu yenye joto la kutosha ili iyeyuke upesi, kwa maana pasi dhaifu inayokaa muda mrefu ndiyo inayochoma. Ifyonze. Kifuniko kinaweza kuwa kimegandishwa kwa nta. Kipashe moto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele hadi kiachie chenyewe. Skrubu nne za chini zilegeze bila kuzitoa zote, ili koili zisitengane na bamba. Sumaku isukume kwa kijiti cha mbao kutoka upande mmoja hadi itokeze upande wa pili. Usitumie bisibisi ya chuma, kwa kuwa itavutwa na sumaku na kuruka kwenye koili kabla hujaizuia.

Kabla hujaanza, pima upinzani wa pikapu na uandike. Pima tena baada ya kuondoa kifuniko, na tena baada ya kufunga. Namba ikibaki ileile, hujaharibu kitu.

Uzi wa Tatu aliandika:

Ndugu zangu, nimerudi na majibu, na kwanza nawashukuru wote kwa muda wenu.

Nilianza na kipimo cha Fundi Koili. Shingo iliruka kwenye chanya, daraja nayo ikaruka kwenye chanya. Fezi moja, kama alivyosema, na miezi minne yangu ikapata maelezo yake katika muda wa dakika tano. Pikapu zangu ni zile za waya mmoja na wavu, kwa hiyo ikawa ni sumaku.

Upinzani wa pikapu ya shingo kabla ya kazi ulikuwa kilo-omu 7.6. Kuyeyusha lehemu kulinichukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu bamba lenyewe hunyonya joto, na mkono wangu ulitetemeka kiasi cha kuniwajibisha nipumzike. Kifuniko kilipoachia nikapima tena: 7.6. Nta ilikuwa imejaa kati ya koili na sumaku, ya rangi ya chai hafifu, na nilipoipasha moto ikalainika na kijiti kikaisukuma sumaku nje bila shida. Niliigeuza, alama yangu ya kalamu ikaangalia chini, nikairudisha na kukaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. 7.6 tena. Nilipoirudia ile ya bisibisi, mita ikaruka kwenye hasi. Nakiri kwamba nilipiga kelele chumbani peke yangu.

Nikafunga nyuzi, nikaondoa pedali, nikaweka swichi katikati na volyumu zote kwenye 10, na sauti iliyotoka ni ile ya redio ndani ya sufuria. Kama Bi Valvu asingenionya, siku hiyohiyo ningeifungua tena. Nikaanza kuishusha ya daraja. Kwenye 9 hakuna nililolisikia. Kwenye 8 na nusu noti za uzi wa tatu na wa nne zikaanza kupata kifua, na kwenye 8 nikavuta uzi wa tatu kwenye freti ya 10 hatua nzima kwenda juu, nikautetemesha, na ile sauti ikatoka. Haikuwa karibu nayo, ilikuwa yenyewe. Nilirudia noti hiyo moja kwa muda mrefu kabla sijathubutu kupiga nyingine.

Yamebaki maswali mawili. La kwanza, nikishusha volyumu yoyote hadi 7 na kuendelea chini, trebo nayo inapotea na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Je, hiyo ni kawaida? La pili, nikishusha moja hadi sifuri, gitaa lote linanyamaza. Nimeharibu waya?

Fundi Koili alijibu:

Hongera, na hujaharibu kitu. Hilo la pili ndivyo magitaa ya muundo huo yalivyofungwa tangu kiwandani: swichi ikiwa katikati, volyumu iliyofika sifuri huipeleka njia ya kutokea moja kwa moja kwenye ethi, na pikapu ya pili inakwenda nayo. Wapo wanaobadilisha nyaya za potensiometa (kidhibiti kilicho chini ya nobu) ili kuliondoa, lakini ukibadilisha namna hiyo mwenendo wa volyumu kati ya 10 na 7 hubadilika pia, na baada ya safari yako yote nisingekushauri uuguse.

La kwanza ni kawaida pia, ila lina dawa. Tazama kapasita ya toni (kijisehemu kinachopunguza trebo) imeunganishwa wapi kwenye potensiometa ya volyumu. Ikiwa imeunganishwa mguu uleule unaopokea waya wa pikapu, ihamishie kwenye mguu wa katikati, ule wa kutokea. Magitaa ya miaka ya 1950 yalifungwa hivyo, na volyumu ikishuka trebo hubaki zaidi. Fanya kwa zote mbili. Angalia pia kebo yako: kila mita ya kebo huongeza uwezo wa kapasita wa pikofaradi 100 hivi, na uwezo huo hula trebo zaidi volyumu ikiwa imeshuka. Kama unatumia kebo ya mita 9 chumbani, weka ya mita 3.

Bi Valvu alijibu:

Nimefurahi sana. Neno moja tu: usiifanye swichi ya katikati kuwa makazi yako. Sehemu kubwa ya upigaji wa Green ni pikapu ya shingo peke yake, ya mviringo na tulivu, na ile ya puani inapoingia baada yake ndipo inapogusa. B.B. King, gwiji wa bluzi ambaye Green alijifunza mengi kwake, alimsifu hadharani kwa sauti yake, na B.B. King hakuwa mtu wa kujali sumaku ya nani imegeuzwa. Alisikia noti chache zilizopewa nafasi ya kupumua. Gary Moore, mpiga gitaa ambaye gitaa lile la Green lilikuwa mikononi mwake kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuliuza mwaka 2006, alirekodi nalo mwaka 1995 albamu nzima ya kumuenzi Green. Sumaku ni ileile na waya ni uleule, na katika noti tatu za kwanza unamtambua Moore. Sasa gitaa hilo lipo kwa Kirk Hammett wa bendi ya Metallica, tangu 2014, na kwake nako ni vivyo hivyo.

Sikiliza rekodi za jukwaani za Fleetwood Mac za Boston za Februari 1970 na ufuatilie volyumu ya gitaa tu, uache noti. Kisha jaribu kupiga ubeti mmoja wa baa 12 (mzunguko wa kawaida wa bluzi) ukitumia noti zisizozidi ishirini.

Uzi wa Tatu aliandika:

Nimeihamisha kapasita kwenye volyumu zote mbili na kubadilisha kebo. Blanketi limeondoka, sasa ninaweza kuishusha ya daraja hadi 6 na noti bado ina ncha.

Huo ubeti wa noti ishirini nimeujaribu jana usiku. Mara ya kwanza nilihesabu thelathini na saba, na mara ya nne nikafika ishirini na mbili. Nimeanza na pikapu ya shingo kwa baa nane, kisha nikageuza swichi katikati kwa baa nne za mwisho, daraja ikiwa kwenye 8. Nimeweka alama ndogo ya penseli pembeni ya nobu, mahali hapo hasa.